Kupimwa Homa ya Ini Wakati wa Mimba

Wanawake wa Kanyenye waendapo kliniki na mimba hutaja vipimo vya UKIMWI na kaswende pasipo kushangaa. Bali kikitajwa kipimo cha homa ya ini B, wengi hudhani ni homa ya manjano. Sivyo. Ile huenezwa na mbu. Hii yaletwa na virusi vikaavyo katika damu na kudhuru ini.

Basi, kwa nini apimwe mama asiyeumwa? Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvishinda virusi. Katika watu 100 hawafiki 5 wabakio navyo. Lakini watoto 100 wakiambukizwa katika kuzaliwa, wapata 90 hubaki navyo, na baadhi yao, miaka mingi baadaye, hupatwa na makovu ya ini au saratani. Mama naye aweza kulima na kutwanga asijue kwamba anavyo.

Tangu 2002 watoto wa Tanzania huchanjwa ugonjwa huu, wakianza majuma machache baada ya kuzaliwa. Ni jambo jema sana, ila virusi vya mama havingoji majuma hayo. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lashauri chanjo ya kwanza itolewe kabla ya saa 24 kupita tangu kuzaliwa. Tena mama mwenye virusi vingi apewe dawa ya tenofovir wakati wa mimba. Asipopimwa, nani atajua kwamba aihitaji? Twawashauri kina mama waulize habari ya kipimo na chanjo hiyo siku ya kwanza ya kliniki, wasingoje uchungu.

Nanyi makatekista, semeni na waume pia. Virusi hivi si ushahidi wa uzinzi. Huenda mama alivipata kwa mama yake mwenyewe siku aliyozaliwa, ama kwa wembe wa chale utotoni. Mume asimfukuze, bali akapimwe naye; akionekana hana, achanjwe. Kula sahani moja hakuambukizi, na mama asikatazwe kunyonyesha. Lakini wembe na mswaki, kila mtu awe na wake.