SOMO: AKILA NA PRISILA, WAKIMBIZI WENYE KAZI MIKONONI NA KANISA NYUMBANI

Maandiko ya kusoma nyumbani: Matendo 18:1-4 na 18-28, 1 Wakorintho 16:1-4 na 19, 2 Wakorintho 8:16-21, Nehemia 5.



Tangu mwaka 2023, Shirika la Chakula Duniani lilipoanza kuzigawa familia za wakimbizi hapa Uganda katika makundi kulingana na uhitaji, nyumba nyingi zimepunguziwa rasheni, na nyingine zimetolewa kabisa kwenye orodha. Kwa hiyo wengi wetu ambao hatukuwahi kufikiri kwamba tutauza kitu, sasa tunauza. Huyu ana meza ya nyanya na vitunguu, yule anakaanga mandazi, mwingine anashona vitenge, mwingine anapima mukene kwa kikombe. Na mtu huyo anayeuza wiki nzima ndiye anayesimama Jumapili kuongoza kwaya, kusoma matangazo au kuhesabu sadaka. Watu wanaomsikia kanisani ni wale wale walionunua kwake sokoni jana. Somo hili ni kwa ajili yake.

Hebu tutazame watu wawili wa Biblia waliokuwa na maisha kama yetu. Akila alizaliwa Ponto, karibu na Bahari Nyeusi, katika nchi ambayo leo inaitwa Uturuki. Yeye na mkewe Prisila walikuwa wakiishi Rumi, au Italia kama Luka anavyosema, mpaka Kaisari Klaudio alipotoa amri Wayahudi waondoke Rumi (Mdo 18:2). Amri hiyo imetajwa pia na Suetonius, mwandishi wa historia wa Kirumi, na wataalamu wengi wanaiweka mwaka 49 baada ya Kristo. Luka hatuambii waliacha nini nyuma. Aliyewahi kufunga mlango wake akijua kwamba hatarudi jioni hahitaji kuelezwa.

Walifika Korintho. Huo ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, Lekeo na Kenkrea, na kila baada ya miaka 2 watu wengi walikusanyika karibu na hapo kwa michezo ya Isthmia. Mahali penye mabaharia, wasafiri na wageni wa michezo, mtu anayejua kushona mahema hakosi mteja. Na kazi hiyo ina jambo zuri kwa mtu aliyefukuzwa: vyombo vyake ni vichache. Kisu, sindano, chuma cha kutobolea na uzi vinaingia katika mfuko mmoja. Shamba halibebeki, duka halibebeki, lakini ufundi unakwenda na miguu yako. Wazazi, tuwafundishe watoto wetu kazi ya mikono hata kama wanasoma. Elimu na ufundi si maadui.

Paulo alipofika Korintho alikwenda kwao, kwa sababu walikuwa wa kazi moja, akakaa nao wakafanya kazi pamoja (Mdo 18:3). Angalieni jambo hili. Wakimbizi hao tayari walikuwa na nyumba na kazi ya kumtosha mtu mwingine. Hata siku hizi iko hivyo: utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mjini Kampala karibu mkimbizi 1 kati ya 5 alikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mwingine 1, na kati ya hao walioajiriwa, 40 kwa kila 100 walikuwa raia wa Uganda. Kwa hiyo asiyesema kweli ni yule anayesema mkimbizi ni mtu wa kunyoosha mkono tu.

MTAJI WETU NI NINI?

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na biashara. Tunashukuru, maana si nchi zote ziko hivyo. Lakini ukienda benki kuomba mkopo utaulizwa rehani, na kiwanja ulichopewa ni cha kutumia, si mali yako. Basi kinachobaki ni jina lako. Mwenye duka la jumla anakupa gunia leo ulipe Ijumaa kwa sababu anakujua. Kikundi kinakukopesha kwa sababu kinakujua. Siku jina hilo linapoharibika, hakuna karatasi ya kukuokoa.

Ndiyo maana imani yetu si pambo la biashara. Wengine wanadhani kumtanguliza Mungu katika biashara ni kuandika mstari wa Biblia kwenye ubao wa duka, au kuombea bidhaa kabla ya kufungua. Kuombea ni vizuri, tuendelee. Lakini jirani anaangalia kikombe chako cha kupimia kama kimebonyezwa chini. Mungu pia anakiangalia (Law 19:35-36).

SANDUKU NA FUNGUO ZAKE

Wengi wetu tumo katika vikundi vya akiba. Kule Congo tulizoea likelemba, na wengine AVEC. Namna hii ya kuweka na kukopa kwa sanduku ilianzia Niger mwaka 1991, pale shirika la CARE lilipofanya kazi na akina mama wa vijijini. Tunajua utaratibu wake: mkutano wa kila wiki, kununua hisa mbele ya wote, sanduku lenye kufuli 3, na funguo zake kushikwa na watu 3 ambao hakuna hata mmoja wao anayelala na sanduku. Fedha huhesabiwa kwa sauti, na kila mwanakikundi hutoka akijua kiasi kilichobaki ndani, hata asiyejua kusoma.

Sasa someni 1 Wakorintho 16. Paulo anawaagiza Wakorintho, walewale wa mji wa Akila, kwamba kila siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke kitu kwa kadiri alivyofanikiwa, kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. Na ilipofika wakati wa kusafirisha mchango huo, je, mtume alisema apewe yeye kwa kuwa ni mtumishi wa Mungu? Hapana. Alitaka wapeleke watu ambao wao wenyewe wamewakubali. Katika barua ya pili anamtaja Tito na ndugu wengine wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, na anaeleza sababu bila kuficha: hakutaka mtu yeyote apate la kumlaumu katika fedha nyingi namna ile. Alijali yaliyo mema mbele za Bwana, na pia mbele za watu.

Hapo ndipo wengi wetu tunajikwaa. Tunasema, "Mungu ananijua moyo wangu, mnanihesabu kwa nini?" Paulo hakusema hivyo. Kama mtume aliyemwona Bwana alikubali kuhesabiwa na kusindikizwa, mweka hazina wa kikundi chetu hawezi kuona ni matusi anapoombwa daftari. Kinyume chake mnakijua. Mfuko wa wanafunzi ulishikwa na Yuda, naye alikuwa akichukua vilivyotiwa humo (Yn 12:6). Alikuwa karibu na Yesu kila siku, akasikia mafundisho yote, lakini ukaribu huo haukumzuia mkono.

Vikundi huvunjika polepole. Mwanzoni watatu wanashika funguo. Kisha mmoja anasafiri, anaacha ufunguo wake kwa mwenzake. Kisha mvua inanyesha, mkutano unaahirishwa, fedha zinapokelewa nyumbani. Kisha mtoto wa mweka hazina anaugua usiku, sanduku lipo chini ya kitanda, na funguo zote zipo. Mtu huyo hakuamka asubuhi akiwa mwizi. Lakini sisi wote tuliompa funguo 3 tulimwekea jaribu ambalo hatukupaswa kumwekea.

MIFUKO MITATU

Hata mtu wa biashara ndogo ana sanduku lake, nalo linaibiwa na mwenyewe. Tuchukue mfano. Mama ananunua mukene wa shilingi 60,000, nauli ni 5,000. Akiuza wote anapata 80,000. Faida ni 15,000. Lakini kwa kuwa anaona noti za 80,000 mkononi, anatoa 25,000 kwa chakula, sabuni na sadaka. Inabaki 55,000. Safari ya pili, baada ya nauli, ananunua mukene wa 50,000, anauza kama 66,700, anatoa tena 25,000. Safari ya tatu anaweza kununua wa 36,700 tu. Akiuza na kutoa 25,000 nyingine, mkononi hana hata 24,000. Alianza na 65,000. Hakuna aliyemloga.

Kwa hiyo kuwe na mfuko wa mtaji, mfuko wa nyumbani na mfuko wa Bwana, hata kama ni mikebe mitatu. Na baba na mama wote wajue kilicho ndani. Paulo, katika Warumi 16:3, anamtaja Prisila kabla ya mumewe. Alikuwa mshirika kamili katika kazi na katika Injili. Mume anayechukua fedha za meza ya mkewe bila kuuliza, kisha anakwenda kufundisha juu ya uwakili, ana kazi ya kufanya nyumbani kwanza.

Kuhusu fungu la kumi, kuna swali ambalo watu wanaliogopa. Je, yule mama atoe 8,000 au 1,500? Kwa maoni yangu atoe 1,500. Torati inazungumza juu ya maongeo ya shamba (Kum 14:22), na maongeo yake ni 15,000. Zile 65,000 ni mbegu. Akipenda kutoa zaidi kwa furaha, ni vema, lakini asilazimishwe kwa vitisho mpaka meza ife. Meza ikifa, kanisa litamsaidia kwa nini?

KIONGOZI NA MADENI

Neno hili ni kwa wazee wa kanisa, wachungaji na wenyeviti. Unapochukua mafuta na sukari kwa deni kutoka kwa mjane wa kanisa lako, yeye hawezi kukudai. Anakuogopa, au anakuheshimu, na kwake ni kitu kimoja. Unapomsalimia Jumapili "Mama, Bwana asifiwe", yeye anafikiria deni lake. Kiongozi alipe kwanza kuliko wengine wote, au asikope kabisa kwa watu anaowaongoza. Paulo aliwaambia wazee wa Efeso kwamba hakutamani fedha wala mavazi ya mtu, na mikono yake ilimtumikia yeye na waliokuwa pamoja naye (Mdo 20:33-35).

Nehemia naye alikuta watu wenye njaa wakiweka rehani mashamba na nyumba, na wakopeshaji walikuwa ndugu zao wenyewe, wakuu. Yeye na watu wake pia walikuwa wamekopesha. Aliitisha mkutano, akataka mali irudishwe na riba iachwe, na kwa miaka 12 hakula chakula cha liwali (Neh 5:10-14). Riba ya kikundi, ambayo mwisho wa mwaka inarudi kwa wanakikundi wote, ni jambo jingine. Lakini mkristo anayeshika kadi ya rasheni ya mwenye njaa kama dhamana, akisubiri siku ya mgao, anafanya kile kile ambacho Nehemia alikikasirikia.

AKIKOSEA MTU

Prisila na Akila walipomsikia Apolo akifundisha kwa bidii huku akijua nusu tu, walimchukua kando wakamweleza vizuri zaidi (Mdo 18:26). Hawakumwaibisha mbele ya watu. Kijana anayeandika daftari vibaya kwa kutojua, mfanyie hivyo hivyo. Lakini fedha za watu zikipotea kwa makusudi, hiyo si kutojua. Mashtaka juu ya mzee yawe na mashahidi wawili au watatu, na kosa likithibitika lisemwe mbele ya wote (1 Tim 5:19-20), na fedha zirudi. Kusamehe hakumaanishi kufunika. Zakayo hakuishia kulia. Alirudisha mara 4 (Lk 19:8).

Akila na Prisila walihamia Efeso, na nyumba yao ikawa mahali pa kanisa (1 Kor 16:19). Klaudio alifariki mwaka 54, nao baadaye tunawakuta tena Rumi, na kanisa likikutana nyumbani mwao (Rum 16:3-5). Walifukuzwa mara moja, wakahama mara kadhaa, na kila mahali walipokaa palikuwa na mlango ulio wazi kwa ndugu. Wasafiri waliweza kuulizia nyumba yao.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI VYA NYUMBANI

Katika kikundi chetu cha akiba, nani anashika funguo leo, na ni lini mara ya mwisho fedha zilihesabiwa mbele ya wote?

Kila mwenye biashara ahesabu kwa siku 7: mauzo ni kiasi gani, na faida ni kiasi gani? Mume na mke wafanye pamoja, kisha walete majibu.

Je, kuna mtu katika uongozi wa kanisa ambaye watu wanaona aibu kumdai? Bila kutaja majina, tufanye nini ili wanaodai wapate nafasi ya kusema?

Ni ufundi gani tulio nao kati yetu ambao kijana mmoja asiye na kazi anaweza kuanza kujifunza wiki hii, na nyumbani kwa nani?