Somo: Kabla ya Kujibu kwa Niaba Yake

Mtu mzima mwenye ulemavu wa akili naye hufikwa na maradhi yasiyopona. Hata hivyo, tafiti za tiba shufaa mara nyingi humwacha kando kwa kudhaniwa kuwa haelewi. Hivyo huduma hupangwa bila kujulikana yeye huonyeshaje maumivu, wala angependa nani akae naye siku za mwisho.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unakataza kumfanyia mtu majaribio ya kitiba au ya kisayansi bila ridhaa yake ya hiari. Haumkatazi kushiriki.

Mtafiti akifika, tunawashauri ndugu na walezi:

1. Mtakeni aonyeshe kibali cha kamati ya maadili.
2. Maelezo yatolewe kwa maneno mepesi na picha, kidogo kidogo.
3. Mgonjwa aulizwe mwenyewe, apewe muda wa kujibu.
4. Akilia au akigeuza uso, mahojiano yasimame.
5. Hakikisheni kuwa kukataa hakutampunguzia dawa wala huduma.

Msaidieni asikike, saini yenu isizime kauli yake.