Mdogo Wangu, Reli Haina Mwenyewe

Wiki hii nimeletewa ujumbe wa sauti wa dakika sita kutoka Maisaka, mjini Babati. Dakika sita! Mdogo wangu, siku nyingine andika. Ila nimeusikiliza wote, maana kilio chako ni cha wengi.

Huyu mdogo wetu ananunua mchele Magugu, anaupepeta, anauchambua mawe, anaufunga kilo moja moja na kilo tano tano, mwingine anaupakia kwenye basi kwenda Arusha na Dodoma. Kila picha anayoweka Instagram anaimalizia na #McheleWaMagugu. Juzi kafungua simu, kakuta mtu wa Arusha anatumia hashtegi ile ile, na mifuko yake imefanana na ya kwake. Anauliza: “Dada, nimshitaki? Hii niliianza mimi.”

Usimshitaki. Vuta kigoda kwanza.

Hiyo reli, alama ya #, uliijua kabla hata hujawa na Instagram. Ndiyo unayomalizia ukitaka kutuma pesa: nyota, mia na hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli. Mwaka 2007 Mmarekani mmoja, Chris Messina, alipendekeza itumike Twitter kukusanya mazungumzo ya jambo moja, na hakujimilikisha wazo hilo. Kwa hiyo kazi ya reli ni kualika. Ukiiweka mbele ya neno umewaita watu waje nao waliandike. Alama ya biashara kazi yake ni kuweka uzio: hiki changu, kile chako. Wewe umepiga mbiu ya mgambo halafu unakasirika watu wamekuja.

Marekani, ambako hashtegi zimeshasajiliwa kama alama za biashara, msimamo wa ofisi yao ya alama ni kwamba reli yenyewe haiongezi kitu. Wanaangalia neno linaloifuata. Kwetu, Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ni ya 1986, imezaliwa kabla ya mitandao yote hii, lakini swali lake linatosha: je, alama hii inaonekana kwa macho, na inatofautisha bidhaa yako na ya mwingine? “Mchele wa Magugu” haitofautishi. Inataja tu bidhaa na inakotoka. Kila mkulima wa Magugu anaimiliki kama unavyoimiliki wewe, na siku mtu akijaribu kuisajili awe mwenyewe peke yake, nitakuwa wa kwanza kumwekea pingamizi.

Tumeshaonjeshwa jambo hili. Kuna kampuni ya Uingereza iliwahi kuomba isajili huko kwao neno “Kikoy”, kama vile kikoi hakina wenyewe pwani yetu. Wakenya na rafiki zao wa huko wakapinga, na ombi likaishia njiani. “Hakuna matata” ni hadithi nyingine. Disney waliomba kuisajili Marekani mwaka 1994, wakaipata 2003, na mwishoni mwa 2018 watu wakachachamaa mtandaoni. Tulichukia, na mimi nilichukia. Ila ona walivyocheza: waliisajili kwa fulana, na maneno hayo hayaelezi fulana, ndiyo maana yalipita. Na usajili ule unaishia kwenye mipaka ya nchi ile. Hapa Babati hakuna wa kukuzuia kuyasema.

Sasa tuje kwenye kosa ambalo nami nimelifanya. Ulisema una cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Cheti cha nini? Cha jina la biashara, sivyo? Miaka ile nauza batiki nilikuwa nacho, nimekiwekea fremu kabisa ukutani. Mtu akatokea na lebo yenye jina langu, nikabeba fremu yangu kifua mbele kwenda kwa wakili. Akanitazama kwa huruma. Jina la biashara linaonyesha nani anafanya biashara kwa jina gani. Halikupi haki ya kumzuia mwingine kulibandika kwenye bidhaa yake. Haki hiyo inatoka kwenye alama ya biashara, usajili mwingine, ingawa ofisi ni hiyo hiyo ya BRELA. Batiki zile niliishia kuzibadilisha jina. Bado inaniuma.

Kwa hiyo tafuta jina ambalo ni lako. Si la mahali, si la zao, si “Bora” wala “Safi”. Jina la bibi yako, neno la Kigorowa au la Kiiraqw unalolipenda, hata neno ulilolitunga mwenyewe jikoni. Liweke kubwa kwenye mfuko, “mchele wa Magugu” ikae chini yake kwa herufi ndogo. Kisha ingia kwenye mfumo wa usajili wa BRELA kwa namba yako ya kitambulisho cha NIDA, uliombee kundi la 30, ambako mchele na unga vinakaa. Ombi likikubaliwa linatangazwa, watu wanapewa siku 60 za kupinga. Usajili ni wa miaka saba, halafu unauhuisha kila miaka kumi. Ukifikiria kuuza Zanzibar, huko wana sheria yao na ofisi yao, BPRA, cheti cha bara hakivuki bahari.

Ukishasajili, jina hilo hilo liwekee reli. Hapo mtu akilitumia kuuza mchele wake una cha kumwonyesha, hata fomu ya malalamiko ya Instagram inauliza namba ya usajili. Nawe usiende kujibandika kwenye hashtegi za watu. Mwaka 2016 kamati ya Olimpiki ya Marekani ilizionya kampuni zisizo wadhamini zisitumie hata #Rio2016.

Huyo wa Arusha? Hashtegi mwachie. Mifuko ni jambo jingine: mtu akijipitisha kuwa ni wewe mpaka wateja wanachanganyikiwa, mahakama inaweza kumsikiliza hata asiyesajili, ila mzigo wa ushahidi ni wako na gharama si ya mchezo. Tunza picha za mwanzo zenye tarehe, risiti za mifuko, ujumbe wa wateja waliokosea. Kisha mpigie simu kwa adabu. Wengine huacha wakipigiwa tu.

#McheleWaMagugu endelea kuitumia, inakuletea wateja. Na jina jipya ukilipata nitumie kwa maandishi, mdogo wangu, pamoja na kilo tano.