Ini lina mafuta, damu ina virusi: nianzie wapi?

Swali: Daktari, mimi ni mkulima wa majani chai, nina miaka 52. Nimeambiwa nina homa ya ini aina ya C, na ultrasaundi imeonyesha mafuta kwenye ini. Sinywi pombe. Mafuta haya yametoka wapi?
*Msomaji, Othaya*

Jibu: Pole sana, baba. Mafuta hayo yana vyanzo viwili vikuu. Kwanza ni virusi vyenyewe: hasa kundi la 3 huvuruga jinsi ini linavyotumia mafuta, hata kwa mtu mwembamba. Pili ni kitambi, kisukari na sukari nyingi. Vyote viwili vikikutana, makovu ya ini huongezeka upesi.

Anza na virusi. Kipimo cha kingamwili huonyesha tu kwamba uliwahi kuambukizwa. Omba kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe kwenye damu. Vikiwapo, vidonge vya kumeza, kwa kawaida kwa wiki 12, huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100. Ulizia matibabu katika hospitali ya rufaa ya kaunti, Nyeri mjini. Pimwa homa ya ini B kabla ya kuanza dawa, maana inaweza kuamka wakati wa matibabu.

Pima pia sukari ya damu. Punguza soda na sukari kwenye chai. Githeri na sukuma wiki vinakufaa. Kama una uzito uliozidi, kupunguza kilo 7 katika kila 100 hulipa ini nafuu kubwa. Usinunue dawa za "kusafisha ini", iwe Karatina au Nanyuki: baadhi huliumiza. Ugonjwa huu unapona, baba, usikawie.