Kutafakari Neno Wakati wa Fadhaa

Wengi wetu twalala na fadhaa, tena twaamka nayo. Habari za vita, bei ya vyakula, ugonjwa wa nyumbani, hayo yote yatufikia kabla hatujanawa uso. Twapiga magoti tuombe, lakini moyo watangatanga kama mbuzi aliyekata kamba. Je, moyo wa namna hii utatulizwaje?

Swali hili ni la zamani. Katika mji wa Wittenberg, Ujerumani, alikuwako kinyozi jina lake Peter Beskendorf, rafiki yake Martin Luther. Huyu alitaka kufundishwa kuomba, na mwaka 1535 Luther alimwandikia kijitabu. Akampa mfano wa kazi yake mwenyewe: kinyozi mwema huweka macho na mawazo yake penye wembe, akipiga porojo na kutazama kwingine, atamkata mtu pua au koo. Ikiwa kunyoa kwataka moyo mzima, sala yataka zaidi.

Basi kutafakari kwa Mkristo si kuuacha moyo mtupu, bali ni kuufunga penye neno moja. Luther alieleza ya kwamba huchukua Amri, au Imani, na kila kipande hukisokota kama shada la nyuzi nne:

1. Fundisho: Mungu ataka nini kwangu?
2. Shukrani: amenipa nini?
3. Toba: nimekosa wapi?
4. Ombi: nahitaji nini kwake?

Tutwae Amri ya Tano, inayokataza kuua. Fundisho: uhai wa jirani yangu ni mali ya Mungu. Shukrani: amenilinda usiku na mchana. Toba: yuko ndugu ambaye nakataa kumsalimu. Ombi: Bwana, uniondolee uchungu huu, nipate kumwendea leo. Hivyo fadhaa iliyokuwa haina jina yapata jina, nasi twaweza kuiombea.

Luther alionya pia kwamba sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho jioni, wala tusilisikilize wazo lisemalo, ngoja kidogo. Tena si lazima kumaliza yote: neno moja likikushika moyo, nyamaza usikilize. Nyuzi hizi ni kama jiwe la kuwashia moto. Moto wenyewe watoka kwa Mungu.

Lakini kutafakari si hirizi. Mwaka uleule wa 1535, mkesha wa Pasaka, Peter alimchoma kisu mume wa binti yake mezani, naye akafa. Luther alikuwa miongoni mwa waliomwombea huruma. Peter hakuuawa, bali alifukuzwa mjini na kupoteza mali yake. Kijitabu kiliandikwa kwa ajili yake, wala hakikuuzuia mkono wake. Kwa hiyo tafakari ya jana haitoshi leo. Naye aliyeanguka asidhani mlango umefungwa, kwa maana uzi wa toba umo katika shada kwa ajili yake hasa.

Enyi walimu, juma hili chagueni amri moja, mwipitie pamoja na wanafunzi wenu kwa nyuzi zote nne, mkinyamaza kidogo baada ya kila uzi. Dunia haitaacha makelele yake, lakini moyo uliozoea njia hii wajua mahali pa kurudi.