Taji la Kweli, Maneno ya Uongo

Somo la wiki: 1 Samweli 31:1–6, 2 Samweli 1:1–16, Yoshua 9:3–15



Baada ya ibada wengi mliniuliza kwa nini Daudi alimuua yule kijana Mwamaleki ambaye kazi yake ilikuwa kuleta habari tu. Mama mmoja alisema wazi kwamba Daudi alikuwa mkali kupita kiasi. Basi turudi kwa Maandiko polepole, kwa sababu hapa Awasi jambo hili si la zamani.

1 Samweli 31 inaeleza vizuri jinsi Sauli alivyokufa. Alijeruhiwa na wapiga mishale mlimani Gilboa, akamwomba mchukua silaha wake ammalize, yule akaogopa, ndipo Sauli akauangukia upanga wake mwenyewe. Hakuna Mwamaleki hapo. Sasa fungua sura inayofuata. Kijana anafika Siklagi, nguo zimeraruka, udongo kichwani, mkononi ana taji na kikuku cha mfalme, na anasema yeye ndiye aliyemmaliza Sauli. Wako wanaojaribu kupatanisha habari hizi mbili. Mimi naona tumepewa ya kwanza ili tukifika kwa ya pili tumjue mtu huyu ni nani.

Angalia kitu kimoja. Taji lilikuwa la kweli. Kikuku kilikuwa cha kweli. Hata vitani huenda alikuwepo, labda akiokota vitu vya maiti. Uongo ulikuwa pale tu aliposema, "ni mimi." Na alisema hivyo kwa sababu gani? Daudi mwenyewe anatufungulia katika 2 Samweli 4:10: mtu yule alitarajia zawadi. Alijiandikia sifa ya vita ambayo haikuwa yake, na Daudi akamhukumu kwa sifa hiyo hiyo, kwa ushahidi wa kinywa chake.

Sasa tuje nyumbani. Mnawajua hawa watu. Anashuka steji pale barabara ya Kericho akiwa na bereti, anachechemea kidogo, anasema alipigana Somalia, serikali imemsahau, anaomba kanisa limfanyie harambee ya matibabu. Huyo ni mdogo. Mkubwa ni yule anayejiita sajenti mstaafu, ambaye haombi chochote. Yeye anakuja kukusaidia. Ana mtu wake huko ndani, nafasi za kijana wako ziko mbili tu, na zinaisha kesho. Baba anauza ng'ombe, mama anatoa pesa ya chama, pesa inatumwa kwa M-Pesa, na kijana anapewa barua yenye muhuri. Anasafiri hadi Eldoret na begi lake, na langoni anaambiwa barua ni feki. Nimekaa na wazazi wa namna hiyo. Ng'ombe unaweza kununua mwingine. Lakini kijana hataki tena kuonekana sokoni.

Wapendwa, usajili wa KDF ni bure. Unatangazwa kwa magazeti, unafanywa uwanjani mchana, vijana wanakimbizwa na kupimwa watu wakiona. Jeshi lenyewe hurudia onyo hili kila mwaka. Mtu akikuitisha pesa ya nafasi, hata akiwa na medali kifua kizima, ameshajieleza.

Usifikiri ni wanyonge tu wanaodanganyika. Mwaka wa 2003, karibu na Madaraka Dei, Kenya nzima ilipata habari kwamba Jenerali Stanley Mathenge wa Mau Mau, aliyetoweka mwaka wa 1955, amepatikana akiwa hai Ethiopia. Mzee aliletwa Nairobi akapokewa kama shujaa. Kumbe alikuwa Lemma Ayanu, mkulima wa Ethiopia, hajui Kikikuyu wala Kiswahili, na vipimo vya DNA vikaonyesha kwamba si Mathenge. Mimi simlaumu sana yule mzee. Waliotaka awe Mathenge walikuwa wengi, na wakubwa. Lakini fikiria familia iliyongoja miaka 48.

Hapo ndipo Yoshua 9 inapoingia. Wagibeoni walikuja na viatu vilivyotiwa viraka, mkate wenye ukungu, viriba vilivyopasuka. Wazee wa Israeli wakachunguza chakula chao, wakasahau kumuuliza Bwana. Nilisomea biashara, na mnisamehe nikiongea kama mtu wa mikopo: ushahidi wote uliletwa na mwenye kuomba. Hakuna aliyetuma kijana mmoja atembee hadi Gibeoni, na haikuwa mbali.

Huko Marekani walibishana juu ya hili mpaka Mahakama ya Juu. Mwaka wa 2012 mahakama ilifuta sheria iliyomwadhibu mtu kwa kudai tu nishani ya vita, na mwaka wa 2013 ikapitishwa nyingine inayomshika anayedanganya ili apate pesa au faida. Sheria ya watu inaweza kuishia hapo. Sisi tuna amri ya tisa.

Kinachoniuma zaidi ni askari wa kweli. El Adde ilikuwa Januari 15, 2016, Kulbiyow Januari 27, 2017. Kuna nyumba ambazo tarehe hizo hazihitaji kalenda. Ndugu mmoja wa ushirika wetu alihudumu Somalia, na aliniambia siku hizi hasemi, kwa sababu akisema, watu wanashika mifuko yao. Mwongo alipita hapa na mchango akaenda zake. Huyu ndiye aliyebaki kulipa deni.

Kwa hivyo wazee wa kanisa wamekubaliana hivi. Mgeni akija na habari ya jeshi, tutampa chai na kiti kwanza, maana huenda anasema kweli. Kisha tutamwomba cheti chake cha utumishi na nambari yake ya jeshi, na tutauliza wastaafu wenzake wa DEFOCA, ambao kwa kawaida wanajuana. Bili ya hospitali italipwa hospitalini, si mkononi. Mstaafu halisi hatakasirika akiulizwa. Jeshini aliulizwa karatasi kila siku.

Jumatano kwenye vikundi vya nyumbani tusome 2 Samweli 23:8–39. Ni orodha ya mashujaa wa Daudi, jina kwa jina, watu 37. Angalieni aliyewekwa mwisho ni nani, na mjadiliane kwa nini Daudi, kwa yale aliyomfanyia, hakulifuta jina lake.