Picha 50 za Kilimia



Leo tujifunze kitu kimoja kuhusu sala, na darasa letu ni uani kwetu hapa Karatu.

Baba alifariki mwaka jana mwezi wa sita. Yeye ndiye alikuwa anatuongoza rozari kila jioni. Baada ya mazishi niliendelea kusali na mama, ila kwa kweli ilikuwa midomo tu. Salamu Maria 50, moyoni kimya. Kufika Februari nikataka kuacha kabisa.

Wiki hiyo mjomba, ambaye anaendesha watalii Ngorongoro, akaniazima kamera yake ya zamani. Saa tatu usiku, kabla mwezi haujachomoza, nikaelekeza lenzi ya milimita 50 kaskazini-magharibi, upande wa Ngorongoro, kwenye Kilimia. Unakijua: kile kikundi kidogo cha nyota ambacho wazee walikitazama kujua majira ya kulima. Kwa macho naona nyota 6.

Nikaweka kamera kwenye stendi, sekunde 5 kila picha. Ukizidisha sana, nyota zinakuwa vistari, maana dunia inazunguka. Picha ya kwanza? We acha tu! Giza na chenga. Mama akachungulia: "Mwanangu, hapo unaona nini?" Nikacheka, nikaendelea hadi picha 50.

Kesho yake nikaziingiza kwenye DeepSkyStacker, programu ya bure ya kompyuta inayopanga picha moja juu ya nyingine na kutafuta wastani wake. Siri ni hii: chenga huangukia mahali tofauti kila picha, lakini nyota iko palepale. Ukiunganisha picha 50, chenga hupungua karibu mara 7, na nyota hafifu zinajitokeza. Nilihesabu mpaka 40 nikachoka. Kumbe Kilimia kina nyota zaidi ya 1,000, zilizozaliwa katika wingu moja.

Hapo nikakumbuka zile Salamu Maria 50. Nilikuwa naipima sala yangu jioni moja moja, na kila jioni niliona chenga tu.

Ila tusikosee: kompyuta haikuumba nyota. Mwanga ule ulitoka Kilimia zaidi ya miaka 400 iliyopita, na ulikuwemo hata kwenye picha ya kwanza niliyotaka kuifuta. Vivyo hivyo, kurudia sala hakumleti Mungu. Yeye yupo tayari. Sisi ndio tunaopunguziwa chenga.

Soma Ayubu sura ya 38. Mtu amezika watoto wake, na Mungu hampi maelezo ya msiba. Anamuuliza kama anaweza kukifunga Kilimia. Zamani swali hilo liliniudhi. Siku hizi nalisikia kama sauti ya mtu aliyekuwa amekaa nami gizani muda wote.

Bado namlilia baba. Ila jioni, rozari naongoza mimi.

Zoezi la wiki: Sali tendo moja la rozari kila siku, saa ileile, kwa siku 7. Usiipime siku hata moja. Jumapili baada ya Misa, kaa dakika 5 uzitazame zote kwa pamoja.

Mungu awabariki.